Funguo kwa Anayejua Tairi

Wanangu wawili hawakuwahi kukubaliana jambo lolote tangu yule mdogo azaliwe, isipokuwa moja: kwamba mama yao asiendeshe gari tena. Siku nilipopata habari kwamba wamekubaliana, ilibidi nikae chini. Si kwa huzuni. Nilikaa kwa mshangao.

Chanzo chenyewe ni sanduku la barua. Vuli iliyopita, sanduku la barua la jirani liligusana na gari langu nilipokuwa narudi nyuma. Sisemi nani alimgusa nani. Sisi watu wa Savo, mkoa huu wa kaskazini wenye baridi, hatuna haraka ya kumtaja mtenda. Kwetu mambo hutendeka tu: maziwa humwagika, mlango huachwa wazi, sanduku huguswa, na kila mtu hubaki na heshima yake. Ukimuuliza mtu wa huku kama barafu ya ziwa inabeba gari, atakujibu, "Huenda ikabeba, na huenda isibebe." Ukizama, hawezi kuambiwa alikudanganya. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nimelelewa vizuri sana.

Wanangu nao niliwalea hivyohivyo, lakini wameharibika. Ismo, mkubwa, anakaa mjini Kuopio, anakagua lifti. Jouko, mdogo, amehamia kusini kabisa, Espoo, anauza madirisha. Wote wamevuka hamsini, na wote wameishi miaka mingi na watu wanaosema mambo moja kwa moja, mpaka masikio yao yamekufa ganzi. Wakisikia neno wanadhani ndilo hilo hilo lililosemwa.

Basi vuli hiyohiyo Ismo alikuja akachukua tairi zangu za majira ya baridi, zile za kushika barafu. "Zimekwisha, mama, tazama," akasema, akazipeleka kutupwa. Zilikuwa zimekwisha kweli. Nikasubiri mpya. Theluji ya kwanza ikaanguka, ikayeyuka, ikaanguka ya pili ikakaa. Nikapiga simu.

"We Ismo, tairi zangu ziko wapi?"

"Tairi za nini tena, mama? Tumeongea na Jouko. Sasa upumzike."

"Nipumzike na nini? Mimi sijachoka."

"Mama, una miaka sabini na tisa."

"Najua. Nilikuwepo miaka yote."

Akacheka, lakini tairi hazikuja. Gari langu jekundu likabaki bandani limevaa tairi za kiangazi, ambazo kwenye barafu zina faida sawa na sahani nne za udongo, na polisi akikuona nazo wakati wa baridi hakuachi. Wanangu hawakuhitaji kuninyang'anya funguo. Walinivua viatu tu.

Nasema ukweli, ningeweza kuishi bila kanisa, bila duka, hata bila ngoma ya wazee pale ukumbini, ingawa ngoma naipenda. Jumamosi ndiyo iliyonikereketa. Kila Jumamosi kwa miaka arobaini nimekwenda kwa rafiki yangu Aune, ng'ambo ya ziwa. Tunawasha sauna yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke, tunakaa humo tukiwasema watu, kisha mimi namsugua mgongo naye ananisugua wangu. Aune macho yamemwacha karibu yote, na nyonga yake haimruhusu kuja kwangu. Jouko, mwenye roho nzuri kuliko akili, aliniambia kwenye simu nichukue teksi. Nikachukua mara mbili. Dereva alikuwa mtu mstaarabu, lakini alikaa uani injini ikinguruma huku mita inakimbia, na sisi mle ndani tukasuguana kama watu wanaoosha sufuria za harusi. Mara ya tatu Aune mwenyewe akasema, "Acha, Lempi. Hii si sauna, hii ni faini." Kuanzia hapo mgongo wa Aune haukusuguliwa na mtu, na wangu pia. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, ile inayokuamsha asubuhi kabla ya kahawa.

Ikaja Januari, theluji ikajaa juu ya paa mpaka mbao zikaanza kulalamika. Wanangu wakaja wote wawili siku moja kuishusha, kila mmoja na gari lake. Hapa lazima niseme kitu kuhusu magari ya ukoo wetu. Marehemu mume wangu aliamini kwamba Mungu aliumba aina moja tu ya gari, nyingine zikajitokeza zenyewe. Wanawe wanabishana juu ya kila kitu chini ya jua, lakini hakuna aliyethubutu kununua aina nyingine. Kwa hiyo magari yetu matatu ni ndugu: gurudumu la hili linaingia kwa lile, nati kwa nati.

Walipomaliza paa niliwakaribisha kahawa na mkate wa samaki. Ilikuwa Jumamosi. Sisemi niliwaita Jumamosi makusudi. Iliangukia tu.

"Mama," Ismo akaanza, kinywa kimejaa, "lile gari pale bandani linaoza bure. Nimefikiri nilichukue, kijana wangu anaanza chuo."

Jouko akaweka kikombe chini. "Ulichukue wewe? Binti yangu amefaulu mtihani wa udereva juzi. Mimi ndiye niliyekuja kuliulizia."

Kumbe gari langu lilikuwa limekwisha kugawanywa, nami niko hai, namimina kahawa.

"Na huyo binti yako utamvisha tairi gani?" Ismo akauliza. "Zile za mpira mtupu kama zako?"

"Laini, ndiyo. Una shida nazo?"

Hapo nikavuta kiti nikakaa vizuri, maana huo ndio ugomvi wao mkubwa, wa miaka na miaka. Ismo ni mtu wa njumu: tairi zilizopandwa vijiti vya chuma vinavyong'ata barafu, kama viatu vya mchezaji wa mpira. Jouko ni mtu wa tairi laini zisizo na chuma, mpira wenye mikato midogo midogo inayoshika theluji. Familia nyingine huku hugombana juu ya mirathi. Yetu ilisambaratika Krismasi moja kwa sababu ya tairi, na ham, lile paja la nguruwe la sikukuu, ikapoa mezani.

"Hapa si Espoo, bwana mdogo," Ismo akasema. "Hapa kuna barafu ya watu wazima."

"Kaka, dunia imekwenda mbele, wewe umebaki na lifti zako. Mpira wa siku hizi unanata wenyewe. Hizo njumu zako zinakwangua lami na kupiga makelele. Ukipita nazo mtaani kwangu watu wanachungulia, wanadhani trekta imepotea njia."

"Afadhali nisikike nikiwa mzima kuliko ninyamaze mtaroni."

"Basi mtoto afungwe njumu mbele na laini nyuma, sote tufurahi," Jouko akasema kwa kejeli.

"Sheria inakataza, na akili pia, kama unayo."

Nikaona moto umeshika. Nikauongezea kijiti kimoja. "Sijui marehemu baba yenu angesema nini," nikasema taratibu, nikikata mkate.

"Baba alikuwa mtu wa njumu!" Ismo akapaza sauti.

"Baba alikufa kabla laini hazijawa nzuri, usimsemee!"

"Basi, basi," nikasema. Nikatoa pete ya funguo mfukoni mwa aproni, nikaiweka mezani katikati ya vikombe. Ilikuwa na ufunguo wa gari na ufunguo wa banda. "Msigombane. Funguo ziende kwa yule anayejua gari hili livae tairi gani."

Wakazitazama zile funguo. Mtu wa Savo aliyebaki nyumbani angejiuliza papo hapo: kwenda kwa nani, zikipelekwa na nani, na "anayejua" ni nani katika watu waliopo chumbani? Hawa walisikia wanachotaka kusikia.

"Tutajuaje?" Jouko akauliza.

Nikageukia dirisha. "Sijui. Lakini si ziwa hilo pale, limeganda?"

Ndani ya robo saa Ismo alikuwa barafuni na keke ndefu ya wavuvi akitoboa. Barafu ilikuwa nene kuliko mkono wake mpaka kiwiko, ingebeba hata lori la magogo. Kulikuwa kumenyesha mvua kidogo katikati ya wiki, kisha baridi ikarudi, na upepo ukafagia ile sehemu iliyo mbele ya gati letu mpaka ikang'aa. Jouko alikata tawi la msonobari akalichomeka kuwa alama: ukifika kwenye tawi, kanyaga breki. Tairi zitakazosimama karibu zaidi ndizo zimeshinda. Wakapanda uani, kila mmoja akalipiga jeki gari lake mwenyewe, akalikalisha juu ya magogo, akavua magurudumu yote manne. Walivyokuwa wakishindana nani atamaliza kwanza, ungedhani wana zamu kwenye mashindano ya magari. Wakayashusha magurudumu mpaka ufukweni, mlangoni pa banda la gari langu, kwa kibao changu cha theluji, kile kiti chenye vyuma viwili chini ambacho sisi wazee tunasimama nyuma yake na kukisukuma kwa mguu kwenda dukani.

Njumu zikafungwa kwanza, tairi zangu za kiangazi zikabaki bandani, gari likasukumwa barafuni na mlango wa banda ukafungwa kwa ufunguo. Kisha likaja swali ambalo nilikuwa nalingoja tangu asubuhi.

"Nani anaendesha?" Jouko akauliza.

"Mimi," akasema Ismo.

"Wewe! Ukiwa kwenye tairi zangu si utakanyaga breki kesho kutwa!"

"Na wewe kwenye zangu je?"

Wakasimama wakitazamana, mvuke ukiwatoka puani kama fahali. Mimi nikawa natengeneza kitambaa changu cha kichwa. Polepole vichwa vyote viwili vikanigeukia.

"Mama," Ismo akasema, "hebu wewe uendeshe."

"Mimi? Mimi napumzika. Niliambiwa."

"Mara moja tu, mama. Huna upande."

"Huenda nikaweza, na huenda nisiweze."

Wakanibembeleza. Naandika tena ili isomeke vizuri: wanangu walinibembeleza niendeshe gari, juu ya barafu, na Jouko akanifungulia mlango. Nilipokaa kwenye usukani nikaongeza neno moja dogo, kama mtu anayejisemea. "Lakini uzito. Mwingine asije akasema gari lilikuwa jepesi zamu yake."

"Kweli!" Ismo akasema, yeye mtu wa lifti, uzito ndio kazi yake. "Seti isiyovaliwa iwekwe ndani ya gari. Uzito utakuwa uleule raundi zote mbili." Akafurahi na wazo lake. Mimi sikudai kitu.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya njumu. Jouko akapakia magurudumu yake manne, mawili kwenye buti, mawili kiti cha nyuma. Nikaondoka, nikaliongeza mwendo, chini kukawa na ule mngurumo mkavu ninaoujua, krrr, na kwenye tawi nikakanyaga. Gari likatetemeka likasimama kama punda aliyekataa. Ismo akaruka juu akaanguka, akainuka akicheka.

Wakabadilisha palepale barafuni, jeki juu ya ubao, njumu zikapakiwa, laini zikavaliwa. Raundi ya pili nikaondoka kwa mwendo uleule. Kimya. Nikafika kwenye tawi, nikakanyaga, na gari halikusimama. Likaendelea taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka jambo huko mbele, likageuza pua kidogo kuelekea kwenye matete na nguzo za gati la zamani. Nikaachia breki nikakanyaga tena. Mikono yangu ilijua la kufanya, lakini nasema wazi: niliogopa. Nilimwona Ismo ameshika kichwa, na nikawaza, wana haki, Lempi, umezeeka, leo ndiyo mwisho. Kisha mpira ukapata theluji kidogo pembeni, ukashika, nikasimama hatua chache kabla ya nguzo.

Nikakaa pale nikisikiliza moyo urudi mahali pake. Nyuma yangu hakuna aliyekuja kuniuliza kama ni mzima. Walikuwa wanapima umbali kwa hatua.

"Hatua zako ndefu makusudi!" nikamsikia Jouko.

"Miguu yangu ndiyo ilivyo! Kamlaumu baba!"

"Na mama alichelewa kukanyaga. Arudie!"

"Hakuchelewa! Mama anaendesha kuliko wewe!"

Ismo alisema hivyo. Nililisikia kwa masikio yangu, na baridi yote ikanitoka. Nikainua macho. Ng'ambo, juu ya miti, moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye bomba la sauna ya Aune. Alikuwa anajiwashia peke yake, kwa kupapasa kuni.

Sisemi nilipanga. Mambo yalipangika. Gari lilikuwa linawaka, tairi zote nane nilikuwa nazo mimi, magari yao yamekaa juu ya magogo, tairi zangu za kiangazi ziko ndani ya banda, na ufunguo wa banda unaning'inia kwenye pete ileile, mbele ya goti langu. Nikaingiza gia.

Wavuvi huwa wanaifagia njia moja kukatisha ziwa. Ina theluji iliyoshindiliwa, na pale tairi za Jouko zilishika vizuri mno, lazima nimpe haki yake. Nikaenda mdogomdogo. Kwenye kioo nikawaona wanapungua: mmoja ameinua mikono yote miwili, mwingine anakimbia, anateleza, anakimbia. Kisha yule wa mikono akatoa simu. Simu yangu ilikuwa mezani kando ya mkate wa samaki.

Nikaingia uani kwa Aune nikazima gari. Kila Jumamosi, kwa miaka yote ile, nilimkuta Aune kwenye ngazi na kahawa tayari ndani. Leo ngazi ilikuwa tupu. Nikabisha, nikafungua. Aune alikuwa jikoni, amesimama, ameinua ule upawa wa mbao wa kumwagia maji mawe ya sauna, tayari kumpasua mtu.

"Nani wewe?" akauliza.

"Weka chini hiyo, bibi we. Ni mimi, Lempi."

"Mwongo. Lempi nasikia gari lake tangu darajani." Akasogea, akanipapasa uso, pua, kitambaa. "Ni wewe kweli. Mbona umekuja kama mwizi?"

Nikamwambia: tairi laini, za Jouko. Aune akakaa chini na upawa wake mapajani.

"Mimi sina saa inayonifaa tena," akasema. "Zile njumu zako zikianza kukwaruza lami pale darajani, krrr, naweka kahawa. Ikichemka, wewe mlangoni. Tangu uache kuja bado nasikiliza. Najua huji, uliniambia kwenye simu, mimi si mjinga. Nasikiliza tu. Magari yanapita mengine mengine."

Nilimshika mkono, kisha nikamwambia ainuke tukaoge kabla sijaanza kulia, maana nikilia navimba pua mpaka jioni.

Tulikuwa tumemaliza mgongo wake na tumeanza wangu nilipochungulia kile kidirisha cha sauna. Ziwani kulikuwa na kitu kinakuja. Kilikuwa kibao changu cha theluji. Jouko amekaa kitini, magoti yamegusa kidevu, na Ismo yuko nyuma anasukuma kwa mguu huku kofia imemwangukia macho. Walikuwa wanabishana. Sauti ilifika kabla yao.

"Aune," nikasema, "watoto wanakuja kututembelea. Mmoja anamsukuma mwingine kama mtoto wa chekechea."

Aune alicheka mpaka akamwaga ndoo.

Wakagonga mlango wa sauna. "Mama! Tairi zetu!"

"Kuna watu uchi humu!" Aune akapaza sauti. "Nendeni jikoni mkaweke kahawa, na msifokefoke kwenye sauna ya watu!"

Kwetu hata mtu aliyekuja kukushitaki husubiri utoke sauna. Wakaenda jikoni. Tulipotoka, wekundu na wepesi, tulikuta wamekaa kila mmoja upande wake wa meza, soksi zinachuruzika. Nikawaonyesha mlango wa sauna bila kusema kitu. Hawakuwa wameingia pamoja tangu ile Krismasi ya ham. Wakaingia wakiwa wamenuna. Mwanzoni tulisikia maji yakichiiika kwenye mawe, kisha mtu akakohoa, kisha Jouko akasema neno na Ismo akacheka. Walikaa humo muda mrefu. Aune alichoma soseji.

Waliporudi, nywele zimewasimama, Ismo akajilamba mafuta ya soseji akaniuliza, "Haya mama, umetukimbiza vya kutosha. Tairi gani?"

"Njumu," nikasema.

Ismo akapiga meza. Jouko akainamisha kichwa, masikini, na mimi moyo ukaniuma kidogo kwa ajili yake.

"Nilisema mimi! Nilisema tangu asubuhi!" Ismo akanyoosha kiganja. "Lete funguo."

"Nikupe kwa sababu gani?"

"Si ulisema funguo kwa anayejua gari livae tairi gani! Nimejua."

"Ulijua kwa nini njumu?"

"Zinasimama haraka kwenye barafu. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Jouko, wewe unasemaje?"

"Zinasimama," Jouko akakiri, "lakini kelele, mama. Kelele zake tu."

Nikamgeukia Aune, aliyekuwa anatafuta sukari kwa vidole. "Aune, gari langu livae tairi gani?"

"Njumu, si nimekwambia," Aune akajibu. "Nikisikia darajani naweka kahawa. Hizo nyingine hazinipi habari. Tena huyu mama yenu akija kimya siku nyingine nitampasua kichwa."

Nikamsogezea Aune sukari. Ismo alitazama kiganja chake kilichonyooshwa kama kitu alichoazimwa. Jouko ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika.

"Kaka," akasema, "kuna mtu alisema funguo ziende kwetu?"

Ismo akafikiri. Niliona anarudi nyuma neno kwa neno, mpaka mezani kwangu, mpaka kwenye mkate wa samaki. "Hakuna," akasema. Akarudisha mkono.

"Umekisia vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Kujua ni kitu kingine. Aune anajua. Anataka funguo zibaki kwangu. Si ndiyo, Aune?"

"Huenda nikataka," akasema Aune, "na huenda nikawa nimeshataka."

Wakavaa makoti wakatoka. Mle uani, wakipeana spana bila matusi, wanangu wawili wakavua tairi laini wakafunga njumu za Ismo kwenye gari langu. Walipomaliza, Ismo akasimama na jeki mkononi. Jambo lilikuwa limemfikia.

"Mama. Jouko anarudi na tairi zake. Mimi nimeshinda, na gari langu liko juu ya magogo. Narudi Kuopio na tairi gani?"

"Huenda zikapatikana," nikasema, "na huenda zisipatikane."

Jouko alilazimika kuegemea ukuta wa sauna kwa kicheko.

Tukamuaga Aune. Ismo akakaa nyuma amekumbatia magurudumu mawili ya ndugu yake, Jouko akakaa mbele nami, na kibao cha theluji tukakiacha, nitakifuata Jumamosi. Sikupita ziwani. Nilishika barabara, ile inayozunguka. Nikapita masanduku ya barua ya majirani wa Aune, yote yakiwa yamesimama, na hakuna aliyesema neno.

Huko theluji ilikuwa imeshindiliwa, tukawa tunakwenda kimya. Kisha tukafika darajani, ambako upepo huikwangua lami ikabaki tupu, na njumu zikaanza. Krrr. Gari zima likajaa ile sauti. Nikamwona Jouko anakunja uso, anageuka kutazama nyuma, kuelekea taa ya jikoni kwa Aune.

"Punguza, mama," akasema.

"Kelele hizi utazizoea," nikamjibu kwa ukali.

"Sisemi kelele. Punguza mwendo. Asikie vizuri."